Haki ya Mjane na Watoto Mtu Anapouawa kwa Kosa la Mwingine

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo ni juu ya jambo linalosemwa kwa sauti ya chini kwenye matanga, kisha likafungwa haraka. Mtu amekufa kwa kosa la mwenzake. Labda ni baleinyeri iliyobebeshwa kupita kiasi ikazama Lualaba, labda ni kamyo lisilo na breki, labda pikipiki mkononi mwa mlevi. Mwili umezikwa. Siku ya tatu anafika mwenye chombo au mjumbe wake, analeta mifuko miwili ya unga, sabuni, kitambaa na feza kidogo. Anatoa pole. Halafu anatoa karatasi. Kaka wa marehemu anatia sahihi, au anachovya kidole, kwamba jamaa imepokea na haina tena makambo na mtu. Mke wa marehemu yuko ndani ya nyumba na mama wenzake, hajaulizwa neno. Watoto wako nje wanacheza.

Ndugu zangu, ile haki iliyofungwa kwa kidole kimoja ilikuwa ya nani?

Tuanze na Kitabu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anataja mtu aliyemuua muumini kwa kukosea, bila kukusudia. Anawekewa mambo mawili: kafara, ambayo ni deni lake kwa Mola wake, na diya, ambayo hupewa watu wa marehemu, isipokuwa wakiisamehe wenyewe kuwa sadaka. Tazameni mpangilio huo. Kutubu kwa muuaji hakufuti diya, na kulipa diya hakufuti kafara. Ni madeni mawili kwa wenye haki wawili. Na msamaha umewekwa mikononi mwa wale wanaostahili kupokea, si mikononi mwa kila anayekaa mbele kwenye mkeka wa matanga.

Sasa wanaostahili ni nani? Hapa kuna habari ambayo kila mume na kila kaka wa mtu angeijua. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), pamoja na elimu yake, alikuwa akiona kwamba diya ni ya akila, yaani wanaume wa ukoo wa upande wa baba. Hoja yake ilikuwa na nguvu: akila ndio wanaochanga na kulipa mtu wao anapoua kwa kosa, basi wao ndio wapokee mtu wao anapouawa. Mke, kwa maoni hayo, hakuwa na fungu ndani ya diya ya mumewe. Ndipo Dhahhak bin Sufyan (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimweka kuwa msimamizi wa watu wake, akamweleza kwamba aliandikiwa na Mtume ampe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi urithi wake katika diya ya mumewe. Ashyam aliuawa kwa kukosea. Umar akaacha maoni yake papo hapo. Habari hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi.

Mkisikiliza vizuri mtaona kwamba hoja aliyoiacha Umar ndiyo hii tunayoisikia hapa kila mwaka: "Sisi ndio ukoo. Mtu wetu akifanya makambo sisi ndio tunaolipa. Mwanamke amekuja na atarudi kwao." Hoja hiyo ilikwisha jibiwa kwa barua ya Mtume zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Diya hugawiwa kama mirathi. Mke ana thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Wazazi wana mafungu yao, watoto wana yao. Na marehemu akiacha mtoto wa kiume, kaka zake hawarithi kitu. Kwa hiyo yule kaka aliyetia sahihi mara nyingi ametia sahihi juu ya mali ambayo hana fungu ndani yake hata la makuta moja.

Wengine husema: "Ni kadari ya Mungu, tumesamehe." Wengine huongeza kwamba aliyekufa maji ni shahidi, basi vipi tudai feza kwa shahidi? Ni kweli, imepokewa kwamba mwenye kufa maji ana daraja ya shahidi. Lakini daraja hiyo ni yake kwa Mola wake, haimwondolei deni mwenye baleinyeri aliyepakia watu juu ya magunia ya muhogo na kuondoka usiku bila taa. Kadari haikuwa siri wakati aya ya 92 ilipoteremshwa. Kusamehe ni jambo kubwa lenye thawabu, kwa mtu mzima anayesamehe cha kwake. Haki ya mtoto mdogo haisamehewi na ami wala na babu, kwa sababu msimamizi amewekwa kuilinda na hakupewa ruhusa ya kuigawa. Onyo juu ya wanaokula mali ya mayatima liko katika sura ile ile, aya ya 10, na kila mtu alisome mwenyewe kwake nyumbani.

Hiyo ndiyo sheria ya dini. Lakini sisi tunaishi Kongo, na mwenye baleinyeri hatashitakiwa mbele ya kadhi, maana kadhi wa leta hatuna. Anashitakiwa mbele ya tribinali. Tuangalie basi tribinali inasema nini.

Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kingali kinafanya kazi. Kifungu cha 258 kinaeleza kwamba mtu akimtia mwenzake hasara kwa kosa lake, analazimika kuirekebisha. Kifungu kinachofuata kinaingiza uzembe na kutokuwa na hadhari. Cha 260 kinasema mtu anajibu pia kwa ajili ya wale anaowatuma kazi, ndiyo maana mwenye baleinyeri hawezi kujificha nyuma ya nahodha wake kwa kusema "mimi nilikuwa Bukama siku ile."

Kifungu cha 258 hakitaji ukoo wala mirathi. Kinamtaja mwenye kupata hasara tu. Hapa ndipo sheria ya leta inapoachana na hesabu ya diya, na ni lazima tuelewe tofauti hiyo ili tusije tukachanganya mafungu. Diya ni mali moja inayogawiwa kwa warithi. Fidia ya tribinali ni ya kila mtu kwa hasara yake mwenyewe: mjane kwa ya kwake, kila mtoto kwa ya kwake, mama mzazi kwa ya kwake. Na hasara hizo ni za aina mbili. Kuna ya mali: chakula, minervali ya shule, kodi ya nyumba, yale aliyokuwa akileta. Na kuna ya moyo: maumivu ya kufiwa, kukosa mwenzi, mtoto kukosa malezi ya baba. Mavoka wanaijua vizuri hiyo ya pili, sisi ndio tunaoisahau tunapokwenda kudai. Hakuna orodha ya bei yake. Hakimu huikadiria kwa haki na kwa busara, na hawezi kukadiria asichoambiwa.

Tusimame kidogo hapa, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba asiyekuwa na mshahara hana fidia. Tufanye mfano wa mama mmoja wa Mulongo aliyegongwa na gari akienda shambani. Hana kitabu cha benki. Hakuandikwa kazini popote. Mumewe ataambiwa: "Mke wako alikuwa akipata ngapi kwa mwezi?" naye atainama. Hebu ahesabu. Nani alichota maji alfajiri? Nani aliloweka muhogo, akautwanga? Nani alikausha samaki juu ya moto usiku, akawapanga katika vikapu vya kwenda Bukama? Nani alikesha na mtoto mwenye homa, akamlea mkwe mzee asiyeona? Mtafute msichana wa kazi afanye nusu ya hayo, uone kama atakubali bila kulipwa. Maulamaa wengi, na Mashafii ni miongoni mwao, wamesema kazi za nyumba si wajibu wa kisheria juu ya mke. Anazifanya kwa wema na kwa desturi. Basi ikiwa si deni lake, ni kipaji alichokuwa akiwapa mume na watoto kila siku, na kipaji hicho kimekatwa. Mwambieni hakimu hivyo hivyo, kazi kwa kazi, saa kwa saa.

(Mtu ataniuliza kuhusu diya ya mwanamke kuwa nusu. Ndiyo, ndiyo kauli ya wengi katika maulamaa wa kale. Wako waliosema ni sawa na ya mwanamume, na katika zama zetu Sheikh Mahmud Shaltut wa Al-Azhar alikuwa na rai hiyo. Lakini tribinali ya Kongo haihesabu hivyo kabisa. Inapima hasara.)

Kuna na jambo la yule ambaye hakufa. Mume amevunjika uti wa mgongo, amelala mkekani miaka. Mke amekuwa mjane ambaye mumewe bado anapumua: anamgeuza, anamwosha, anatafuta chakula peke yake, na unyumba umekwisha. Katika fiqhi fidia ya kiungo ni ya aliyejeruhiwa mwenyewe, mke hana fungu la pembeni. Lakini kifungu cha 258 hakisemi kwamba lazima mtu afe ndipo wa karibu naye apate hasara. Mke huyo anaweza kudai kwa jina lake, kando ya dai la mumewe.

Msidhani jambo hili lilikuwa wazi kila mahali. Uingereza, kwa muda mrefu sana, mume aliweza kudai kwa kukosa usuhuba na huduma ya mkewe aliyejeruhiwa, karibu kama bwana anayedai kwa ajili ya mtumishi wake. Mke alipojaribu kudai vivyo hivyo kwa ajili ya mumewe, majaji wakubwa wa huko walimkatalia mwaka 1952. Hawakumpa mke haki ile. Badala yake mwaka 1982 Bunge likamwondolea hata mume. Marekani walikwenda njia nyingine: mwaka 1950 mahakama ya mjini Washington ilikubali kwamba mke naye anaweza kudai.

Na sheria hiyo ya Marekani iliwagusa jirani zetu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu 224, wengi wao Waafrika, na Waislamu walikuwamo pia. Jamaa zao walifungua kesi Washington dhidi ya Sudan, wakidai pia kwa ajili ya uchungu na kukosa wapendwa wao. Majaji wa huko wamezoea kukadiria dola milioni 8 kwa mjane, milioni 5 kwa mzazi, milioni 2 na nusu kwa ndugu. Mwaka 2014 hukumu zilifika zaidi ya dola bilioni 10. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa tarehe 18 Mei 2020. Kilichotoka mwishowe ni mapatano: Sudan ililipa dola milioni 335 kwa kesi hizo na nyingine mbili. Habari zilizotangazwa wakati ule zilieleza kwamba mfanyakazi wa ubalozi aliyeuawa, akiwa raia wa Marekani, jamaa yake ilipangiwa milioni 10. Akiwa Mkenya au Mtanzania, 800,000. Walikaa ofisi moja, wakafa dakika moja. Diya ya ngamia 100 haikumpima mchungaji chini ya mkuu wa kabila, na mimi naona hilo ni jambo la kuwakumbusha wanaosema sheria yetu ni ya zamani.

Karibu na sisi zaidi kuna habari ya Kilwa, kwenye ziwa Moero. Oktoba 2004 askari waliingia mji ule kuzima uasi mdogo, wakaua raia zaidi ya 70. Mwaka 2007 tribinali ya kijeshi Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa kwa yale mauaji. Jamaa hawakuacha. Kwa msaada wa mashirika walipeleka mashitaka kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba Tume imeiona Serikali ya Kongo ina kosa na kuitaka ilipe dola milioni 2 na nusu kwa wahanga 8 na jamaa zao. Zaidi ya 70 walikufa, na waliotajwa kwa fidia ni 8. Ni wale ambao majina yao, vifo vyao na undugu wao vilikuwa vimeandikwa na kuthibitishwa ndani ya faili. Tume ilitaka na wengine watafutwe, lakini kutafutwa baada ya miaka 12 ni kazi nyingine.

Hapo tunafika kwenye karatasi, jambo ambalo wengi wetu tunalichoka kabla ya kulianza.

Mjane anapofika tribinali, swali la kwanza si "una uchungu gani?" Ni "wewe ni nani kwa marehemu?" Nikahi ya msikitini ni ndoa mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini hakimu anataka hati ya eta sivili. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inakubali ndoa iliyofungwa kwa desturi ndani ya jamaa, kwa sharti waliooana waende kuiandikisha, na imewapa mwezi mmoja. Mtoto naye aandikishwe ndani ya siku 90 za kuzaliwa. Ukiuliza safu zetu za Ijumaa ni wangapi wana hati hizo mbili nyumbani, mikono itakayonyanyuka haitajaza mkeka mmoja. Watu husema ni kazi ya leta. Ni kazi ya leta mpaka siku mume anapozama, hapo inakuwa kazi ya mjane.

Baada ya ajali, mtu mmoja wa jamaa aende polisi mara moja kuhakikisha PV imeandikwa, na jina la marehemu limo. Majina ya abiria waliookoka yaandikwe wangali hapa, kabla hawajatawanyika kwenda Ankoro na Malemba-Nkulu. Karatasi ya hospitali au ya kifo itunzwe. Ikiwa ni gari, namba yake na asiransi yake. Asiransi ya gari ni lazima kwa sheria tangu 1973, na tangu kodi ya asiransi ya 2015 SONAS si peke yake tena katika kazi hiyo.

Kuua kwa kutokuwa na hadhari ni kosa la jinai, kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Faili ikipita parke na kufika tribinali ya amani, jamaa wanaweza kuingiza dai lao la fidia ndani ya kesi hiyo hiyo, bila kufungua nyingine. Asiye na uwezo aombe hati ya umaskini, ili asizuiwe na gharama za kuanzia. Lakini jihadharini na muda. Kwa kifo, mlango wa jinai unafungwa baada ya miaka 3. Kwa majeraha bila kifo ni mwaka mmoja tu, na yule mume aliyelala mkekani mara nyingi mwaka unamkuta jamaa bado wanamwuguza. Mlango wa madai ya kiraia unabaki wazi muda mrefu zaidi, ila mashahidi hawabaki.

Na ile karatasi ya siku ya tatu? Inamfunga aliyeitia sahihi. Haimfungi mjane ambaye hakumtuma mtu, wala watoto. Wala haimzuii mwendesha mashitaka. Kwa hiyo mama zangu mlioambiwa kwamba mambo yamekwisha kwa sababu shemeji alitia kidole, mwulizeni avoka kabla ya kuamini. Kupokea unga na kitambaa si kosa, msaada wa matanga ni msaada. Yaandikwe tu kwamba ni msaada wa matanga.

Limebaki swali lililoletwa kwa imamu mara mbili: mke wa pili. Hapa tusidanganyane. Sheria ya Kongo haimtambui. Mume akifa kwa ajali, mke wa kwanza mwenye hati atasikilizwa kama mjane. Wa pili, hata akiwa na nikahi ya mashahidi kumi, asitegemee kusikilizwa hivyo. Watoto wake ni jambo jingine. Wakiwa wameandikishwa kwa jina la baba yao wana haki ya kudai sawa na ndugu zao. Asiyewaandikisha watoto wa nyumba ya pili ndiye anayewanyima, tusimlaumu hakimu. Kwa upande wa dini wake wote wanashirikiana katika thumuni ile moja. Je, feza ambayo tribinali imempa wa kwanza kwa uchungu wake yeye ni ya kugawana? Anayesema ni ya kwake peke yake ana hoja, kwa kuwa imetolewa kwa jina lake na kwa hasara yake. Anayesema imesimama mahali pa diya ana hoja pia, na mimi naelemea huku. Vyovyote iwavyo, wake wote wawili na wazee wa pande zote waje kwa imamu, wakubaliane na kuandika kabla kesi haijafunguliwa. Feza ikishafika, hakuna atakayekumbuka aliyosema.

Ijumaa ijayo, inshallah, tutaendelea na mirathi ya mitumbwi na nyavu: marehemu alipokuwa na wabia, kipi ni chake na kipi si chake.

Wabillahi tawfiq.